Jina Katika Kura: Mpiga Kura wa Mombasa na Ugomvi wa Vyama juu ya Uongozi

Neno kura lilikuwamo katika Kiswahili cha Mvita kabla ya kuwako sanduku, karatasi wala msimamizi wa uchaguzi. Limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili si kuchagua. Waliopiga kura walikuwa warithi walioshindwa kuelewana juu ya mafungu ya urithi, au wavuvi waliogawana samaki, au watu wowote ambao kila mmoja wao alitaka kile kile anachokitaka mwenzake. Vijiti au vijiwe vya kuwakilisha majina yao vilitiwa chomboni, vikatikiswa, kikatolewa kimoja. Mtoto wa chuoni katika Mji wa Kale hujifunza mapema kwamba Nabii Yunus alipigiwa kura merikebuni kabla ya kutupwa baharini, na kwamba ulezi wa Bibi Maryamu uliamuliwa kwa kalamu zilizotupwa kama kura. Katika kura ya namna hiyo mtu hakutakiwa kumtaja ampendaye. Alitakiwa kukubali mambo mawili tu: kwamba majina ya wote wenye haki yametiwa, na kwamba litakalotoka ndilo.

Neno hili lilipochukuliwa kutajia uchaguzi wa kiserikali lilibebeshwa maana mpya, yaani kudhihirisha hiari ya mtu. Sharti la zamani, hata hivyo, halikufutika katika fikira za wasemaji. Mtu wa Mombasa anayeulalamikia uchaguzi aghalabu halalamiki kwamba mtu wake ameshindwa. Kushindwa ni jambo lililozoeleka katika mji wa mashindano ya ngoma, ya mashairi na ya mpira. Hulalamika kwamba jina halikutiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa ugomvi wa vyama kisiwani Mombasa, tangu enzi ya ukoloni hadi uchaguzi wa 2022, umekuwa mkali zaidi si pale kura zilipohesabiwa, bali pale ilipoamuliwa nani apige, nani asimame, na chama gani kiandikishwe. Na kwamba kila mlango huo ulipofungwa, ugomvi ulihamia katika lugha yenyewe, barazani na msikitini, katika waraka na katika shairi.

KABLA YA SANDUKU

Mji wa Kale umekaa upande wa mashariki wa kisiwa, kuanzia Ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593 na kuendelea kandokando ya Bandari ya Kale, kwenye mitaa kama Kibokoni, Kuze na Mlango wa Papa. Nje ya nyumba nyingi pana baraza, yaani kiti cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta, na hapo ndipo wanaume hukaa jioni, kahawa ikipita mkono kwa mkono. Neno hilo hilo ndilo linalotaja Baraza la Mawaziri na Baraza la Manispaa. Lugha imeuweka mkutano wa watawala na mkutano wa watawaliwa chini ya jina moja, ijapokuwa si kila anayekaa katika huu huruhusiwa kukaa katika ule.

Wenyeji wa mji walijihesabu kwa Thenashara Taifa, zilizogawanyika pande mbili: Tisa Taifa, na Thelatha Taifa ambazo ni Kilindini, Changamwe na Tangana. Yafaa kukumbuka kuwa taifa hapa si nchi nzima kama lilivyokuja kutumiwa baada ya uhuru, bali ni jamaa ya watu wenye asili moja, wazee wao na sauti yao katika shauri la mji. Pande hizo mbili zilishindana kwa karne kadhaa, na zaidi ya mara moja mtawala wa nje aliweza kuingia mjini kwa sababu ya ufa uliokuwapo baina yao. Wamazrui waliokuwa wakiutawala mji waliangushwa mwaka 1837, Sayyid Said alipoutia Mvita chini ya himaya yake. Lakini hata katika mashindano hayo hakuna upande ulioambiwa kwamba si wa mji. Kila taifa lilikuwa na wa kulisemea.

Aliyekuwa na sauti kubwa kupita wote katika zama hizo hakuwa na cheo cha serikali. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga juu ya vita na fitina za mji wake, akawatia moyo wa upande wake na kuwasuta alipoona wanastahili kusutwa. Beti zake zilihifadhiwa vichwani mwa watu hadi zilipokusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah kwa kushirikiana na W. E. Taylor mwishoni mwa karne hiyo, na kuchapishwa kwa uhariri wa William Hichens mwaka 1940. Jambo la kuzingatiwa hapa ni nafasi aliyokuwa nayo mtunzi. Mji usio na kura ulikuwa na malenga, na malenga aliweza kumwambia mtawala neno ambalo mtu mwingine angelisema kwa kunong'ona.

Neno chama nalo lina historia yake. Kabla ya kutaja chama cha siasa lilitaja vikundi vya ngoma na vya kusaidiana. Katika miaka ya 1920 vijana wa pwani walijipanga katika vyama vya beni, mathalani Kingi na Sadla, vyenye sare, vyeo na matarumbeta, vikishindana kwa mapambo, kwa nyimbo za kejeli na kwa gharama ambazo mara nyingine ziliwafilisi washindani. Mwanachuoni T. O. Ranger aliyeziandikia kitabu ngoma hizo mwaka 1975 alionyesha jinsi zilivyokuwa shule ya kujipanga kwa watu walionyimwa siasa. Ukali wa maneno, kumpa mpinzani jina la mzaha, kumwaga mali ili kuonyesha uwezo: mengi yanayolaumiwa leo katika kampeni za vyama yana ukoo na beni kuliko na bunge lolote la ng'ambo.

Sanduku lenyewe lilipokuja, lilikuja na mlango mwembamba. Walowezi wa Kizungu walianza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920. Katika miaka iyo hiyo Waarabu nao walipewa kiti cha kuchaguliwa, na hapo ndipo mji ulipojifunza uzito wa maana ya neno katika sheria. Nani Mwarabu? Watu wa Thenashara Taifa, waliooana na Waarabu kwa vizazi na kusali nao katika safu moja, walijikuta wakitiwa kwa ajili ya kodi katika kundi la wenyeji, na kwa ajili ya kura wakiachwa nje ya kundi la Waarabu. Waliunda jumuiya yao, Afro-Asian Association, kudai haki hiyo, na shauri likaendelea miaka mingi. Chuki kati ya majirani wa mtaa mmoja, ambayo wageni huichukulia kuwa ni ya kale, kwa kiasi kikubwa ilitokana na daftari la wapiga kura. Neno moja la karani liligawa nyumba zilizokuwa zimegusana kuta.

Waafrika wengine walingoja zaidi. Mwezi wa Machi 1957 ndipo wajumbe wanane wa Kiafrika walipochaguliwa kwa mara ya kwanza katika Kenya nzima, Ronald Ngala akiwa wa Pwani. Hata hapo haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, mali au utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura mpaka tatu kwa kadiri ya sifa zake, ilhali jirani yake hana hata moja.

MWAMBAO

Ubishi uliofuata, wa miaka ya 1961 hadi 1963, ulikuwa juu ya nchi yenyewe. Kwa mkataba wa Desemba 1895 ukanda wa pwani wa maili kumi uliendelea kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, huku Waingereza wakiuendesha na kulipa pauni 17,000 kila mwaka, ikiwamo riba ya deni. Uhuru ulipokaribia, suala likawa ukanda huo uende wapi. Neno mwambao, ambalo kwa baharia ni ufuo wa kupita kandokando, likageuka kuwa jina la madai: wenye kutaka Mwambao walitaka pwani ijitawale au ibaki na Sultani, na miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Sheikh Abdilahi Nassir wa Coast People's Party. KADU cha Ngala kilitaka majimbo ndani ya Kenya moja. KANU kilitaka serikali moja yenye nguvu. Katika Mji wa Kale ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na vyama vitatu.

Sir James Robertson alitumwa kuchunguza. Taarifa yake iliyotoka Desemba 1961 ilipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, na mkutano wa London wa Machi 1962 ulijadili jambo hilo mbele ya wajumbe wa pande zote. Mwezi wa Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana: Sultani akaacha madai yake, na serikali ya Kenya ikaahidi kuhifadhi dini ya Waislamu, mahakama za makadhi na hati za ardhi. Yamkini uamuzi huo ndio uliokuwa wa busara. Wapwani wengi, hasa Wamijikenda na wafanyakazi wa bandari ya Kilindini, hawakuwa na hamu ya kurudi chini ya bendera ya Sultani, na hofu yao haikuwa ya kubuni, maana utumwa ulikuwa bado katika kumbukumbu za wazee wao. Lakini hakuna aliyeletewa karatasi ya kupigia kura juu ya shauri hili. Tume ilisikiliza, wajumbe walisafiri, mkataba ukatiwa saini. Zaidi ya miaka 40 baadaye, kundi la Mombasa Republican Council lilipoibuka na kaulimbiu yake kwamba Pwani si Kenya, hati zilizokunjuliwa zilikuwa ni zile zile za 1895 na 1963. Watu wanaoshindwa katika kura husahau. Wasioulizwa huweka karatasi sandukuni.

Majimbo nayo hayakudumu. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU kilishinda nchi nzima na Ngala akashika uongozi wa Jimbo la Pwani; kufikia Novemba 1964 KADU kilikuwa kimejivunja na kujiunga na KANU, na katiba ya jamhuri ikayafuta madaraka ya majimbo. Mpiga kura wa KADU alilala akiwa na chama cha upinzani, akaamka akiwa mwanachama wa serikali.

FOMU ZA 1968

Nafasi ya upinzani ilijazwa mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU na kuunda Kenya People's Union. Mombasa, mji wa makuli, makarani na walimu, haikukosa wafuasi wa KPU. Mtihani wa kwanza wa nchi nzima ulikuwa uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya wa Agosti 1968. KPU kilileta wagombea wapatao 1,800, na fomu zao wote zikakataliwa na wasimamizi wa uchaguzi kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Fomu za KANU zilikubaliwa. Hivyo wagombea wa chama tawala wakapita bila kupingwa, na siku ya kupiga kura ikapita bila kura.

Inafaa kulitazama tukio hili polepole, kwa sababu halikuwa na kelele. Hakuna sanduku lililoibwa wala mtu aliyefukuzwa kituoni. Serikali haikusema kwamba upinzani ni haramu; ilisema kwamba karatasi ina kosa. Malalamiko ya namna hii ni magumu kuyaeleza hadharani, kwa kuwa anayelalamika hujibiwa kwa kanuni. Kwa mtu aliyekulia katika maana ya zamani ya kura, hata hivyo, tafsiri ilikuwa nyepesi: vijiti vya upande mmoja vilikuwa vimetolewa chomboni kabla ya chombo kutikiswa.

Miongoni mwa walioshindwa kunyamaza alikuwamo kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Mombasa, mfanyakazi wa Baraza la Manispaa lile lile ambalo uchaguzi wake ulikuwa umepita kimya. Abdilatif Abdalla alikuwa mdogo wake Sheikh Abdilahi Nassir na Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi mashuhuri. Na sehemu ya utoto wake aliipitisha Faza, kwa mzee wake aliyekuwa mshairi. Mwezi wa Novemba 1968 waraka wake ulisambazwa kwa siri. Jina la waraka lilikuwa swali: Kenya: Twendapi?

Swali hilo la neno moja lastahili kuchambuliwa kisarufi, kwani siasa yake imo katika viambishi. Mwishoni pana -pi ya kuuliza mahali, kiambishi kilicho hai sana katika Kimvita. Mwanzoni pana nafsi ya kwanza wingi. Mwandishi hakuuliza mwatupelekapi, swali ambalo lingewaweka watawala upande mmoja na watawaliwa upande mwingine. Aliuliza twendapi, akajitia mwenyewe, msomaji na serikali katika chombo kimoja kinachokwenda mrama. Ni swali la baharia mwenza, si la adui aliye ufuoni. Mahakama iliyapima maneno hayo ya Kiswahili kwa sheria ya uchochezi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kurithiwa kutoka kwa wakoloni, na katika mizani hiyo nafsi ya kwanza wingi haikuwa na uzito wowote. Machi 1969 alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Serikali ikakata rufani kuwa adhabu ni ndogo, na kifungo kikawa cha miaka mitatu.

Upo upande wa pili, na haki ni kuutaja. Serikali ya Kenyatta ilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Ilikuwa imetoka katika vita na Wasomali wa kaskazini-mashariki, ilikuwa imeona maasi ya wanajeshi wake wenyewe mwaka 1964, na ilikuwa ikitazama majirani wakipinduana. Wengi wa waliotetea hatua zake, hata hapo Mombasa, waliamini kwa dhati kwamba vyama vingi vingezaa ukabila na kuivunja nchi. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Udhaifu wake ni kwamba haikuletwa mbele ya wapiga kura ili waikubali au waikatae. Ilipitishwa kwenye dirisha la karani. Mwezi wa Oktoba 1969, baada ya watu kuuawa Kisumu katika ziara ya Rais, KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini, na uchaguzi mkuu wa Desemba mwaka huo ukawa wa chama kimoja.

Gerezani, Kamiti na baadaye Shimo la Tewa karibu na kwao, Abdilatif alitunga kwa siri na kuandika juu ya karatasi za chooni. Diwani iliyotokana nayo, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa kwake, naye akiwa tayari Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1974 ilipewa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo ilikuwa na jina la Rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Wahakiki wameandika mengi juu ya ujasiri wake, na si haba. Yasiyosemwa sana ni kwamba diwani hii imetoka moja kwa moja katika fomu zilizokataliwa Agosti 1968. Ni fasihi ya mpiga kura aliyekosa wa kumpigia. Mtunzi alirudi katika kazi ya Muyaka kwa sababu njia iliyokuwa imeahidiwa kuichukua nafasi ya kazi hiyo ilikuwa imezibwa. Na kwa kuwa bahari na vina vya shairi la Kimvita vilikuwa tayari vimezoea fumbo, kilio na suto, mzigo huo mpya uliwatosha.

MLOLONGO NA YALIYOFUATA

Miaka ya chama kimoja haikuwa miaka ya ukimya kama inavyodhaniwa. Wagombea wa KANU walishindana wenyewe kwa wenyewe, na wabunge wengi waliangushwa kila uchaguzi. Katika kisiwa aliyeng'ara ni Shariff Nassir, aliyeingia bungeni mwaka 1974 na kukalia kiti hicho hadi 2002. Alikuwa hodari wa jukwaa, mwepesi wa mzaha, na Kiswahili chake kiliwavutia hata wasiompenda. Wafuasi wake walishikilia kwamba mji mdogo wa Waislamu katika nchi kubwa ulihitaji mtu wa kukaa karibu na mezani. Wapinzani wake walijibu kwamba aliyekaa karibu na meza alikula, na mji ukabaki barazani.

Uchaguzi wa 1988 ndio uliowaudhi watu hata ndani ya KANU. Katika uteuzi wa Februari mwaka huo kura ya siri iliachwa, wapiga kura wakajipanga nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyepata asilimia 70 akahesabiwa kuwa amechaguliwa moja kwa moja. Utaratibu ukapewa jina la mlolongo. Watetezi wake walisema ni rahisi, hauna gharama, na kila mtu anaona kwa macho yake. Kwa hakika watu waliona. Na mara nyingine waliona mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Lakini kero kubwa zaidi ilikuwa ya haya. Katika mji ambamo mwenye nyumba, mwajiri, mkopeshaji na shemeji ni majirani, kumpa mgongo mtu hadharani si uamuzi wa kisiasa tu. Usemi ulioshikamana na jina la Shariff Nassir katika utetezi wa siasa hizo ulikuwa na maneno mawili: wapende wasipende. Kisarufi ni kitenzi kile kile, mara kikikubali, mara kikikanusha, na maana ya yote mawili ni moja, kwamba hiari ya mtendaji haibadili jambo. Si rahisi kupata ufafanuzi mfupi zaidi wa uchaguzi usio uchaguzi. Mlolongo uliachwa mwishoni mwa 1990, na mwaka mmoja baadaye kifungu cha katiba kilichokataza vyama vingine kikafutwa.

Ilitazamiwa kwamba sasa majina yote yangetiwa. Mwanzoni mwa 1992 Islamic Party of Kenya iliomba kuandikishwa ikakataliwa, kwa hoja kwamba chama cha siasa hakiwezi kusimama juu ya dini katika nchi isiyo na dini rasmi. Hoja ina nguvu yake, na Waislamu wengi wa Mombasa wenyewe hawakukitaka chama hicho, wengine kwa kuchelea kutengwa, wengine kwa sababu walikuwa wa KANU. Hata hivyo namna shauri lilivyoendeshwa ilikuwa ya 1968. Msemaji aliyejulikana kuliko wote, Sheikh Khalid Balala, alihutubia umati Mwembe Tayari. Wahubiri walipokamatwa mwezi wa Mei ghasia zikazuka mjini, mabomu ya machozi yakafika mpaka misikitini. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 wafuasi wa IPK waliingia kwa mlango wa FORD-Kenya, nacho kikapata viti viwili kati ya vinne vya Mombasa, Kisauni na Likoni. Mvita, chenye Mji wa Kale ndani yake, kilibaki kwa Shariff Nassir. Hapo inaonekana wazi kwamba mji haukuwa na moyo mmoja, na kwamba wale walionyimwa chama hawakuwa lazima wengi. Lakini wingi au uchache wao ungejulikana kwa kura. Kwa kukataa kuandikishwa ulijulikana kwa mawe.

Mwaka 2002 Najib Balala wa NARC alikishinda kiti cha Mvita, Shariff Nassir akatoka, na mji haukuungua. Katiba ya 2010 ilirudisha kwa sura nyingine yale ambayo KADU iliyadai, na Mombasa ikamchagua gavana wake wa kwanza, Hassan Joho, mwaka 2013. Ugomvi wa vyama umekuwapo tangu hapo, wa ODM na wapinzani wake, juu ya bandari, reli, ardhi na kazi za vijana; ni ugomvi wa kawaida, na ukali wake kwa kadiri kubwa ni ule wa beni.

Mwaka 2022 swali la jina lilirejea. Kwanza, aliyekuwa gavana wa Nairobi, aliyeondolewa madarakani mwaka 2020, alitaka kugombea Mombasa akazuiwa, na Mahakama ya Juu ikathibitisha kuondolewa kwake. Hapa sheria ilitamkwa waziwazi na majaji wakatoa sababu, jambo ambalo wagombea 1,800 wa 1968 hawakulipata. Si kila jina linalotolewa chomboni limetolewa kwa dhuluma. Kisha, siku moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, Tume ilitangaza kwamba kura ya ugavana wa Mombasa na Kakamega imeahirishwa, kwa kuwa karatasi zilizochapishwa zilikuwa na picha zisizo za wagombea wa kaunti hizo. Vyama vilitupiana lawama. Kila upande ulidai kuwa mwenzake ndiye anayefaidika na ucheleweshaji, na watu waliokwisha kupanga foleni mara moja wakatakiwa kupanga tena tarehe 29. Abdulswamad Nassir wa ODM, mwana wa Shariff Nassir, alimshinda Hassan Omar wa UDA. Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotoa wapiga kura wachache zaidi nchini kwa kadiri ya waliojiandikisha. Siku hiyo ya 29 vituo vya Mvita vilifunguliwa asubuhi, karatasi zikiwa na picha sahihi, na barazani watu walikuwa wamekaa wakizungumza juu ya uchaguzi.